Spika za mzee zina alama za glasi na kona imevimba, fundi anataka kupiga msasa wa mashine. Nimruhusu?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina spika mbili za Wharfedale za baba, alinunua miaka ya 70 akiwa kazini, maboksi ya mbao ya kahawia, zipo sebuleni kwetu Sakina mpaka leo na zinapiga vizuri tu. Shida ni muonekano. Juu kuna duara nyeupe za glasi na moja nyeusi ya chungu cha maua, ubavu wa upande wa dirisha umepauka, na spika moja kona ya chini imevimba na ile mbao ya juu inabanduka, nadhani ni maji ya kudekia. Fundi wa mtaani kwetu kasema anapiga msasa wa mashine mpaka mbao mpya itokee halafu anapuliza vanishi nyeusi ya kung'aa, sh 80,000 zote mbili. Kaka yangu anasema vanishi itaua sauti kwasababu mbao ndo inatoa besi. Mama anasema tupake tu mafuta ya taa. Mzee ana miaka 78 na anazipenda hizo spika kuliko sisi watoto, sitaki nimharibie. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na mzee msalimie sana. Kabla hatujaenda popote mwambie huyo fundi asubiri kwanza. Simjui na simsemi vibaya, inawezekana kwenye milango ananizidi, ila kazi aliyokupangia ni ya mlango wa mninga. Mlango wa mninga ukiupiga mashine inatokea mbao mpya, ukirudia mwakani inatokea nyingine, maana ni mninga mpaka katikati. Spika za mzee haziko hivyo, na ukishaona zimeundwaje maswali yako mengine karibu yote yatajijibu.

Ichukue ile yenye kona mbovu, ilaze kwenye blanketi, washa tochi ya simu uangalie pale inapobanduka. Utaona vitu viwili. Juu kuna ngozi nyembamba ya mbao nzuri, hiyo ndo vinia, na chini yake kuna kitu rangi ya biskuti, makapi ya mbao yaliyoshindiliwa na gundi, hiyo ni chipbodi. Spika nyingi sana za Uingereza za miaka hiyo zimetengenezwa hivyo. Sasa hiyo ngozi unene wake ni kama milimita 0.6 hivi. Chukua karatasi sita za daftari la mtoto uzibane kwa vidole, hiyo ndo mbao yote uliyonayo, hakuna nyingine chini. Mashine yenye msasa namba 80, ule wa chenga kubwa, inamaliza hiyo ngozi kwa sekunde chache, hasa kwenye kingo ambako mashine inainama kidogo bila hata mkono kuhisi, na ikishatoboka unaona doa la biskuti linachungulia katikati ya mbao na hapo hakuna vanishi ya kulificha labda iwe nyeusi. Nadhani umeshaelewa kwanini umepewa nyeusi.

Halafu zisogeze spika mbili zikae pamoja, uangalie mistari ya mbao ya spika hii na ile. Mara nyingi inafanana kama mtu na kioo, kwasababu vinia inakatwa kwenye gogo moja, karatasi moja inafuata nyingine, na viwanda vizuri vilikuwa vinazipanga spika kwa jozi. Ukiiua moja, mwenzake huwezi kwenda kumnunua Kilombero sokoni. (Kama mistari inajirudia ileile kabisa, kijifundo kilekile kila baada ya sentimita kadhaa, basi sio mbao, ni plastiki iliyochapwa picha ya mbao, na hapo usipige msasa wala usipake chochote, futa na kitambaa cha sabuni umemaliza. Ila kwa ulivyoeleza hiyo duara nyeusi, yako ni mbao.)

Kaka yako sasa. Hili nalisikia kila wiki na nalielewa linatoka wapi, watu wanafikiria gitaa au ngoma, ambako mbao na ngozi kweli ndo vinaimba. Boksi la spika kazi yake ni kinyume, linatakiwa likae kimya kabisa, liifungie hewa ya nyuma ya spika yenyewe, ile duara yenye koni inayotetemeka, na lenyewe lisitetemeke. Huyo mzee aliyeanzisha Wharfedale kule Yorkshire, Uingereza, mwaka 1932, Gilbert Briggs, ilifika kipindi akawa anatengeneza spika zenye mchanga umejazwa katikati ya mbao mbili, ili tu ile mbao isiseme chochote. Na chipbodi ilipendwa kwa sababu hiyohiyo, nzito, bubu, halafu haitanuki na kusinyaa kila msimu kama mbao nzima. Kwahiyo vanishi nyembamba juu ya kitu kama hicho haiongezi besi wala haipunguzi. Mwambie kaka apumzike.

Kinachoua sauti ni vitu vingine ambavyo fundi wa samani hawezi kuvifikiria. Cha kwanza hewa. Ukifungua spika ukairudisha bila ile gasketi yake, yaani kizibo cha pembeni, au skrubu moja ikabaki haijakaza, hewa inapenya pembeni na besi inakuwa ya kukohoa. Cha pili nyaya, nyuma ya kila spika kuna chanya na hasi, ukiirudisha spika moja kinyume basi ya kushoto inasukuma wakati ya kulia inavuta, zinaulana, muziki unasikika mwembamba kama unatoka kwenye bomba. Piga picha kabla hujachomoa waya hata mmoja, na weka alama ya rangi ya kucha kwenye chanya.

Cha tatu nakisema kwa aibu kwasababu nilikifanya mwenyewe. Nilikuwa bado kijana kwenye kazi, nikaletewa spika za mwalimu mmoja wa kwaya, boksi chafu, mimi nikachukua stilwaya, ile ya kusugulia masufuria, nikaanza kusugua boksi na spika zake zikiwa humohumo ndani. Mbao ilitoka safi nikajisifu. Nilipowasha, kila besi ikipiga inasikika khrrr, khrrr, kama mtu anatembea kwenye changarawe. Nyuma ya ile koni kuna sumaku kubwa na ufa mwembamba ambamo koili, ule waya uliozungushwa, inapanda na kushuka, nafasi yenyewe ni ya kuhesabia vipande vya milimita, na ule unga wa chuma ulivutwa ukaenda kukaa humohumo. Nilimnunulia spika mpya kwa hela yangu. Kwahiyo stilwaya isikaribie hizo spika hata mita moja, na vumbi la msasa pia, ama unatoa spika zote nje na kuziweka chumba kingine, ama kama huna ujasiri wa kuzitoa unaziziba na kipande cha katoni na ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi, uzibe mpaka pembeni.

Haya, tuingie kwenye mbao yenyewe, na hapa nakuomba kitu kimoja, anza na kusafisha na uishie hapo kwanza. Watu hawaamini, ila spika iliyokaa sebuleni miaka 50 ina moshi wa jiko, mafuta ya mikono na vumbi la Arusha juu yake, na nusu ya huo "uzee" unaouona ni uchafu tu. Maji ya uvuguvugu, matone mawili ya sabuni ya vyombo, kitambaa cha pamba ukamue mpaka kiwe karibu kikavu, futa kwa kufuata mistari ya mbao, kausha hapohapo. Kisha kitambaa kingine chenye tapentaini kidogo, hiyo inatoa mafuta na nta za zamani. Mafuta ya taa ya mama yanatoa uchafu kweli, sikatai, bibi zetu walifutia nayo kila kitu, ila yanaacha mafuta ndani ya mbao na chochote utakachopaka juu baadae kinakataa kushika. Na zile spreyi za kung'arishia meza nyingi zina silikoni, ukija kupuliza laka (ile rangi angavu ya kupuliza inayokauka haraka) juu yake inajikunja inaacha vishimo, mafundi wanaviita macho ya samaki.

Ukimaliza kusafisha inua kile kitambaa cha kufuma cha mama kama kipo juu ya mojawapo (najua kipo), chini yake utaona rangi ambayo jua halikuifikia. Hiyo ndo rangi uliyopewa kiwandani na ndo shabaha yako.

Halafu ujue juu kumepakwa nini. Geuza spika, chagua sehemu ya nyuma karibu na chini, chukua pamba ya sikio uchovye kwenye spiriti, igusishe hapo nusu dakika. Ikinata ikaanza kuyeyuka, ni shelaki, vanishi ya kizamani ya utomvu wa wadudu. Isipoyeyuka jaribu thina pembeni kidogo, ikiyeyuka ni laka. Zote zikigoma na tone la maji likizama taratibu na kuacha doa la giza, ni mafuta matupu, na maji yakibaki yamejikunja juu ni vanishi ngumu ya kisasa, inawezekana kuna mtu alishazipaka kabla yako. Za kwako nahisi ni laka, maana duara nyeupe ndo ugonjwa wake.

Duara nyeupe inavyotokea: glasi ya baridi inatoa jasho, au kikombe cha moto kinasukuma mvuke, unyevu unaingia ndani ya laka na kunasa humo, mwanga ukipita unavurugika ndo unaona weupe. Mbao chini ni nzima. Kwahiyo tunachotakiwa ni kuutoa ule unyevu, sio kukwangua. Tandika kitambaa cha pamba kikavu, pasi kwenye moto mdogo kabisa na isiwe na mvuke, gusa sekunde tatu nne, inua, angalia, rudia. Au kitambaa kilicholowa spiriti kidogo sana, karibu kikavu, pitisha juu juu bila kukandamiza, kama unamfuta mtoto machozi. Zikitoka hata kwa asilimia 80 acha, usitafute mia utakuta umeichubua laka.

Ile nyeusi ni kesi nyingine. Hapo maji yalishapita laka yakafika kwenye mbao, na chuma kidogo kilichokuwemo kikakutana na tanini ya mbao, ile kali iliyomo pia kwenye chai. Unataka kuona? Chukua chai ya rangi ikishapoa utupie msumari wenye kutu, asubuhi unakuta wino. Ndo kilichotokea chini ya chungu. Kuna asidi inaitwa oksaliki inaitoa hiyo, ila ni sumu, inataka glavu na miwani, na inafanya kazi kwenye mbao iliyovuliwa laka yote, yaani kwa ajili ya duara moja unajikuta unafanya juu yote upya. Mimi ningeiacha, ningerudisha kitambaa cha kufuma juu yake. Hiyo alama mzee ameishi nayo miaka mingapi.

Ubavu uliopauka, jua limekula rangi ya juu tu. Baada ya kusafisha, jaribu nta ya samani yenye rangi ya kahawia, pakaa nyembamba, acha dakika kumi, sugua na kitambaa. Mara nyingi inatosha ukiwa umesimama mita mbili, na nani anakaa karibu na spika kuliko hapo. Ikigoma kabisa ndo unaruhusu msasa, ila wa mkono, namba 240 halafu 320, umezungushiwa kwenye kipande cha mbao, kufuata mistari, mara tano sita tu unafuta vumbi unaangalia, na kingo huzigusi. Na dirisha nalo lishughulikie, ama geuza spika ama weka pazia, la sivyo tutaonana tena.

Sasa kona, na hapa nakuambia ukweli wote. Ile kubanduka inatibika. Kuvimba hakurudi kama mwanzo. Chipbodi ni makapi yaliyominywa kwa nguvu na joto yakafungwa na gundi yakiwa yamelala, maji yakiingia kila kipande kinanyanyuka kurudi umbo lake na gundi inaachia, na hata ikikauka haikumbuki tena kulala. Umeona mkate uliodondokea chai, ukaukaushe juani, unakuwa mkavu lakini sio mkate. Kwahiyo iache ikauke kabisa kwanza, wiki mbili ndani, sio juani. Kisha nunua bomba la sindano duka la dawa, jaza gundi nyeupe ya mbao uliyoichanganya na maji kidogo, ingiza chini ya vinia mpaka ifike mbali, na ile chipbodi iliyovimba nayo uinyweshe ili ishikane. Futa gundi yote iliyotoka juu kwa kitambaa chenye maji, hilo usilipuuze, gundi ikikauka juu ya mbao hapo rangi haitashika milele. Tandika nailoni, weka kipande cha mbao bapa, bana na klampu kama unayo, huna weka ndoo ya lita 20 ya maji juu uiache mpaka kesho. Utashangaa klampu inavyorudisha hata uvimbe kidogo. Kilichobaki kimevimba jaza na unga wa mbao uliochanganywa na gundi, piga msasa hapohapo tu, pakaa rangi ya kufanana na brashi ndogo. Itaonekana ukiitafuta. Halafu spika zote mbili ziweke kwenye miguu, hata vipande vinne vya mbao vya sentimita 5, ili dada akideki maji yapite chini.

Kama umeishia kusafisha na nta, umemaliza, na kwa spika nyingi ninazoletewa hapa Moshi ndo kazi yote tunayofanya. Kama laka imechanikachanika na lazima uipake upya basi una njia mbili za maana. Mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) yale yaliyochemshwa ni rahisi, huhitaji mashine, yanatoa rangi tamu ya joto, lakini yanahitaji mbao iliyovuliwa kabisa, na hayazuii alama za glasi. Laka ya kupuliza, sandasila kwanza (koti la kuziba mbao) halafu klia (laka isiyo na rangi) isiyong'aa sana, ndo inafanana na ya kiwandani na ikiharibika inarekebishika, ila inataka mtu mwenye mkono, na inataka hali ya hewa. Nyie Arusha mko kwenye mita 1,400 hivi, sisi Moshi hatufiki 900, na kipupwe chenu mwezi wa saba na manyunyu yale, fundi akipuliza laka asubuhi inageuka nyeupe kama maziwa. Thina inaruka haraka, ikiruka inapoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unatua hapo na kunasa, kama kioo cha daladala alfajiri. Masika ni hivyohivyo. Subiri mwezi wa tisa au Januari, saa tano asubuhi kuendelea, mwagia chini maji kidogo vumbi litulie. Vanishi ngumu ya polyurethane mimi sipendi kwenye spika za zamani, inadumu, lakini siku ikiharibika ni ngumu kuitoa na wengi wanaishia kwenye msasa, na msasa tumeshaongea.

Usipulizie ndani, usipulizie karibu na jiko la mkaa au jenereta. Na ukitumia linsidi, vitambaa vyake usivifinyange ukavitupa kwenye kona, hayo mafuta yanapokauka yanavuta hewa na kutoa joto, vitambaa vikiwa vimerundikana joto halina pa kutokea na vinawaka vyenyewe usiku bila kiberiti. Vianike kamba nje kimoja kimoja, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Lini uache kujaribu umpeleke mtu azione: vinia ikiwa imepotea kipande kikubwa kuliko kucha ya dole gumba, kona ikiwa imevimba mpaka kiungo cha boksi kimefunguka (hapo hewa inavuja, sauti imeshaguswa), au ukitoa kitambaa cha mbele ukakuta ile sponji inayozunguka koni inamomonyoka ukiigusa kama keki kavu. Hiyo sponji inaoza yenyewe kwa umri hata spika isipopigwa, inabadilishwa, ila ni kazi ya fundi wa spika na sio seremala, na mpaka ibadilishwe msipige kwa sauti kubwa. Pia kama nyaya zimechomewa kwa risasi na hujawahi kushika pasi ya kuchomelea, usijifunzie hapo. Kwa huyo fundi wenu, muulize hivi: utatumia msasa namba ngapi, wa mkono au wa mashine, na hizi spika za ndani ya boksi utazifanyaje wakati unapiga msasa? Akijibu 240 wa mkono na nitazitoa nje, mpe kazi, hata akiongeza bei. Akicheka, chukua spika zako urudi nazo nyumbani.

Na anza na ile ya kona mbovu, mgongoni, sehemu inayotazama ukuta. Mzee akiuliza mwambie unazifuta vumbi.